Pombe ya Posa Kwenye Gari la Mombasa

Mimi ni mtu asiyejua kukaa. Mama alikuwa akisema nilianza kutembea kabla sijamaliza kutambaa. Hata pale kiwandani Thika, tulikokuwa tukitia mananasi kwenye mikebe, nyapara alinitoa kwenye meza ya kukata akanipeleka kusukuma mikokoteni, kwa sababu nikiwekwa mahali pamoja nilikuwa naharibu kazi. Kwa hivyo mtu asiniulize ilikuwaje kukalia ubao wa daraja la tatu wa gari la moshi mpaka Mombasa, nimekatazwa kusema, na katikati ya miguu yangu nimebana kibuyu cha pombe kinachonguruma.

Tulikuwa tunaenda kuposa. Mwenye kutaka mke ni mimi, na mwenye kuomba ni baba. Kwetu kijana haendi kujiombea, na akienda basi anaenda kama mbeba mzigo. Hilo peke yake lilitosha kunipandisha hasira, maana yale maneno nilikuwa nayo tayari kichwani, nimeyapanga vizuri kuliko ambavyo baba angeyasema.

Msichana mwenyewe alikulia Majengo ya Thika. Babake alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka la Mhindi, njiani kwangu kwenda kazini. Mara ya kwanza nilipeleka suruali iliyochanika kweli. Baadaye nikawa nazichana mwenyewe. Binti ndiye aliyekuwa akitia vifungo na kupiga pasi, na siku moja aliniambia, bila kuinua macho, kwamba hajapata kuona kijana anayechanika kila Jumamosi. Nilikwenda zangu nikicheka peke yangu barabarani, na kuanzia siku hiyo sikuangalia mwingine.

Kisha babake akafunga cherehani na kurudi kwao Mombasa, na binti akaenda naye. Mwaka mzima nilikuwa natembea Thika nzima jioni, kutoka stesheni mpaka mtoni, bila kazi yoyote. Shangazi ya msichana, aliyebaki Majengo akiuza mahamri, ndiye aliyeniletea habari: kuna binamu kutoka Malindi ameanza kufika pale nyumbani mara kwa mara, na kila akija haji mikono mitupu. "Kama mwaja, mje kabla ya mwezi wa mfungo," aliniambia. "Baada ya Idi usije ukanilaumu mimi."

Baba alikuwa mfanyakazi wa shamba la kahawa upande wa Ruiru. Nilienda nikamkuta anapogoa, nikamwambia yote mara moja, kwa sababu sijui kusema kitu nusu nusu. Nilimwambia wale ni Waislamu, na ili nipewe msichana itanibidi nisilimu na kuchukua jina lingine. Alimaliza mti ule aliokuwa nao, akahamia wa pili, akaumaliza na huo.

"Jina ni lako," akasema mwishowe. "Hilo nitalizoea. Lakini kuuliza msichana ni kazi yangu, na nitamuuliza vile baba yangu aliuliza."

Nikajua anamaanisha pombe. Kwetu mzee hafungui mdomo kwa watu wa msichana kama hakuna pombe iliyopikwa kwa ajili ya siku hiyo. Nikamwambia, baba, Waislamu hawanywi, ukiingia na hiyo kitu tutafukuzwa mlangoni. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua.

"Nimesema wanywe? Wewe utabeba. Mimi nitaongea."

Ilikuwa mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, Hali ya Hatari haijaondolewa, na Mkikuyu hakuwa anapanda gari la Mombasa hivi hivi. Baba alishinda kwa chifu siku kadhaa akitafuta ruhusa ya kusafiri, na baada ya hiyo, ruhusa ya kupika. Nilidhani atachoka. Hakuchoka. Alipika muratina kwa asali safi, maana hiyo ya sukari ya duka alisema ni ya walevi, si ya kuulizia mtoto wa mtu. Akapiga hesabu yake ya kuiva: ikitiwa kibuyuni siku fulani, siku ya kufika itakuwa tamu na kali kadiri inavyotakiwa. Hesabu ilikuwa sawa kabisa, kwa baridi ya Ruiru.

Mimi nilipanda gari Thika. Nilisimama mlangoni njia yote, na gari lilipoingia stesheni ya Ruiru nikamwona baba kwenye jukwaa, amevaa koti lake zito la zamani na kofia mpya aliyoinunua kwa ajili ya safari, ya kitambaa cha kahawia, yenye ukingo. Kibuyu alikuwa amekifunga blanketi. Alinipa hata kabla hatujasalimiana.

"Shika. Kaa. Usitingize."

Nairobi tukabadilisha gari, tukapata nafasi karibu na dirisha. Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Mombasa, mtu mzima, amejifunga buibui lake vizuri, na miguuni ana kikapu cha kabeji na viazi. Alikuwa ametoka kumwona binti yake Pumwani. Alikuwa mcheshi, anauliza kila kitu, na haukupita muda akakiona kibuyu.

"Mzee, mwabeba nini humo?"

"Ni uji," baba akasema.

"Uji gani huo waguna?"

"Ni uji ya kwetu."

"Basi uji wenu una hasira," akasema yule mama, akageuka kuangalia nje.

Ni kweli kilikuwa kinaguna. Tulipopita Athi, jua likizama nyuma yetu na twiga wamesimama mbali kwenye nyasi, niliweka mkono juu ya kibuyu nikakuta kina joto na kinatetema. Nikalegeza gunzi la hindi lililokuwa kizibo, hewa ikatoka, nikarudisha. Baba hakuona, alikuwa anaangalia ile nyika. "Hii yote ni shamba ya nani?" aliniuliza. Nikamwambia sijui. Aliendelea kuiangalia mpaka giza likaifunika, na nadhani alikuwa anaigawa moyoni, huyu hapa, yule pale, maana yeye hakuwa na hata kipande.

Kila gari liliposimama nilishuka. Sikuwa na haja ya kitu, nilitaka tu kutembea. Nilikuwa naona wazi jinsi itakavyokuwa: tumeingia, baba amefungua blanketi, babake msichana amesimama na kutuonyesha mlango, na binamu wa Malindi anakuja kesho yake na samaki. Nililiona hilo tena na tena, na kila mara nilikuwa namchukia baba kidogo, halafu namwona amelala na kofia juu ya goti ili isikunjike, namhurumia. Alipoamka aliniambia, "Ukiachwa na gari, nitaenda kumuulizia nani?"

Usiku sitausimulia. Watu walilala wakiegemeana, mimi nikiwa macho nalegeza gunzi. Kosa langu lilikuwa kusinzia karibu na alfajiri. Baba akaamka, akanusa, akaona kizibo kiko legelege, akasema moyoni huyu mtoto ataitoa pombe nguvu yote. Akalikandamiza gunzi kwa ngumi na kulifunga kwa kamba ya mgomba, mafundo juu ya mafundo.

Niliamka tumeshavuka Tsavo. Kulikuwa na joto ambalo sijawahi kulijua, joto la asubuhi, la kukushika shingo. Mtu mmoja alikuwa akiwasimulia wenzake juu ya simba waliokula watu wakati reli inajengwa, na yule mama wa buibui akawa anamwambia anyamaze, watoto wanasikia. Gari likasimama Voi. Watu wakashuka kununua chai, na mimi kama kawaida nikawa wa kwanza mlangoni. Nilikuwa nimeweka mguu mmoja chini nikasikia mlio nyuma yangu, kama mtu amepiga mlango teke.

Gunzi liligonga dari. Pombe ikalifuata. Ilimwagikia baba, ubao, kabeji, na buibui lote la yule mama kuanzia kichwani. Nilipofika pale kibuyu chenyewe kilikuwa kimepasuka ubavuni na kilichobaki kinachuruzika sakafuni. Harufu ya asali iliyochacha ikajaa behewa. Watu wa bara wakacheka, na mmoja akauliza kama kuna iliyobaki.

"Astaghfirullah!" mama akasimama, anachuruzika. "Uji! Mzee mzima na mvi zako, waniambia mimi ni uji!"

Baba alikuwa anaangalia ndani ya kibuyu. Nikajibu mimi, ingawa nilikatazwa. Nikasema, "Ni ya posa, mama. Tunaenda kuposa Mombasa. Kwa fundi wa nguo, kule Kuze."

"Mwislamu?"

"Ndiyo."

Alinitazama, akamtazama baba, hasira zikageuka kitu kingine. "Basi Mungu kawastiri," akasema taratibu. "Hiyo ingaliingia mlangoni, nyinyi msingaliingia."

Alisema kwa wema, lakini baba alilisikia kama tusi. Alikichukua kile kibuyu kilichopasuka, akanipita, akashuka garini. Nilimkuta kwenye jukwaa anatembea kuelekea upande tuliotoka, koti linanuka umbali wa hatua kumi.

"Baba, gari linaondoka."

"Liondoke. Voi naijua," akasema. "Vita ya Wajerumani walitushusha hapa hapa, tukabebeshwa masanduku mpaka Taveta na kupita. Hatukurudi wengi. Lakini kutoka hapa najua njia ya nyumbani. Huko mbele sijui."

Sikuwahi kumsikia akitaja vita ile. Wakati mwingine ningemuuliza. Siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani, na lilikuwa linarudi Ruiru mbele ya macho yangu.

"Nitawaambia nini?" akaendelea. "Nimekuja mikono mitupu, nichukue mtoto wao kama mtu anaokota kuni msituni?"

Hapo nikasema neno ambalo kwetu kijana hamwambii babake. Nilimwambia nampenda yule msichana. Nilisema kwa sauti, na mtu wa chai akageuka. Nikamwambia nikimkosa huyu sitatulia mahali popote duniani, nitahama hata Thika asinione tena, na kama anataka kurudi Ruiru atarudi bila mtoto. Baba aliangalia chini, ameona aibu kwa niaba yangu, na filimbi ikapigwa.

Gari likajivuta. Baba akainua mkono kujikinga jua, akagusa kichwa, akakuta hakuna kitu.

"Kofia yangu!" akapiga kelele, akatupa kibuyu, akakimbia.

Sikujua anaweza kukimbia hivyo. Watu walimvuta ndani kwa mikono, mimi nikarukia behewa la nyuma nikapita katikati ya miguu na mizigo mpaka nikamfikia. Alikuwa ameketi, kofia kichwani, anahema. Mpaka leo sijui kama alirudi kwa ajili yangu au kwa ajili ya kofia, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nilipenda kuwa na nafasi ya kuchagua.

Yule mama alikuwa amevua buibui na kujitanda kanga kavu kutoka kwenye kikapu. Akamrushia baba kanga nyingine. "Jipanguse," akasema. "Na huko uendako, mzee, usiseme uji. Sema lililokuleta."

Mackinnon Road gari lilipunguza mwendo mbele ya msikiti ulio kando ya reli, na abiria wakatupa sarafu dirishani kwa ajili ya yule mcha Mungu aliyezikwa pale. Baba alivua kofia mpaka tukapita. Baada ya Mazeras njia ikaanza kuteremka kwa kujipinda, minazi ikatokea, na hewa ikawa nzito ya kulowesha shati. Mimi nilikuwa nimesimama, siwezi kuketi tena. Pale Makupa maji yalipotokea pande zote mbili, baba alishika ubao kwa mikono miwili na kuuliza kama gari linajua linakokwenda.

"Ni maji tu, mzee," mama akamwambia. "Yamekuwapo siku zote."

Tuliagana naye stesheni, naye akatuonyesha bomba la maji. Tulifua mashati yetu na kuyavaa yakiwa mabichi, na jua likayakausha kabla hatujafika Mji wa Kale. Koti halikukubali. Baba alilikunja ndani nje akalibana kwapani, na harufu ikawa inatembea pamoja nasi kwenye vichochoro vya Kuze, ambavyo nilivipita mbio mpaka baba akanishika shati kwa nyuma.

Babake msichana alitupokea vizuri. Alikuwa amepungua tangu Thika, kanzu nyeupe, miwani ile ile. Nilimwona akivuta hewa mara moja, akaliangalia lile koti, akatukaribisha ndani. Tulivua viatu tukaketi kwenye mkeka. Nyuma ya pazia kulikuwa na wanawake. Nilisikia bangili, na kikohozi cha mtu mzee, ambaye nilijua ni bibi yake. Yeye mwenyewe sikumsikia. Binti alikuwa hatua chache kutoka nilipoketi, na mimi sikuruhusiwa hata kukohoa.

Ikaletwa halwa, na kahawa chungu katika dele la shaba, ikamiminwa vikombe viwili vidogo, cha baba na cha mwenyeji. "Karibuni," mwenyeji akasema. "Mumetoka mbali. Kunyweni."

Baba akakishika kikombe. Hakukinywa.

"Mimi ni mtu wa shamba," akaanza, kwa Kiswahili chake cha Ruiru. "Hii kijana yangu atakuja kwa dini yenu, hiyo tumesema nyumbani, sikukuja kuzungumza hiyo. Mimi nilitoka na kitu yangu ya kunywa. Ilikuwa pombe. Nimeambiwa kwenu ni vibaya, na Mungu ameimwaga Voi, sasa hiyo imeisha."

Nilitamani sakafu ifunguke. Mwenyeji aliweka kikombe chake chini.

"Lakini wacha nikwambie ni ya nini," baba akasema. "Kwetu ikiwekwa hapa katikati, hakuna mzee anagusa. Msichana anaitwa, anaulizwa: hii tunywe, ama tusinywe? Akisema tusinywe, tunabeba tunarudi nayo, na hakuna mtu anamkasirikia. Sasa yangu imemwagika, umenipa hii yako. Ni nzuri. Lakini huyo mtoto hajaulizwa. Nikiinywa nitakuwa nimemuiba."

Mimi nilizaliwa katika mila hiyo na sikuwa nimeifikiria hata siku moja. Katika mwaka mzima wa kutembea na kuchana suruali na kupanga maneno, sikuwahi kujiuliza kama kuna mtu atakayemuuliza yeye. Nilichukulia anataka kwa sababu mimi nilitaka.

"Ndugu yangu," mwenyeji akasema, sauti imekauka, "kwetu binti hatolewi barazani akanadiwa. Akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake."

"Kimya mimi siwezi kusikia," baba akasema. "Masikio yangu ni ya zamani."

Mwenyeji akainuka nusu. Nikajua tumefika pale mlangoni, na binamu wa Malindi ameshashuka kwenye basi. Lakini bibi akasema nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu aliyechoka na wanaume, "Kwani mjukuu wangu ni bubu? Mwana, umesikia. Waulizwa wewe, jibu."

Wazee wote wawili walikaa na vikombe vyao. Nje mtu alipita akiuza maji. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote katika maisha yangu, na nilikuwa nimeketi, na sikutaka kwenda mahali popote.

Kisha nikasikia sauti yake, ile ile ya veranda ya Thika, isiyo na haraka.

"Baba anywe kwanza."

Babake alivua miwani. Alielewa kabla yangu. Binti hakuwa amesema ndiyo, wala hakuwa amesema hapana. Alikuwa amekichukua kile kitu chote akakirudisha mikononi mwa babake, kwamba hatatoka nyumba ile ila babake mwenyewe awe radhi. Mzee alikaa anakiangalia kikombe muda mrefu, miwani mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, na macho yake yakawa yanajaa bila yeye kuyapangusa.

"Imeshapoa," akasema, akainywa yote.

Baba naye akainywa yake, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa, akaomba nyingine. Wakaanza kuzungumza habari za Thika, nani kafa na nani kahama. Mimi hakuna aliyekumbuka kunimiminia.